Bega halijawahi kutoka, mbona linaniuma kila nikivuta injini?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 24, navua dagaa Igombe hapa Mwanza. Mwaka jana tukiwa tunarudi alfajiri wimbi lilipiga mtumbwi ubavuni, nikadaka mlingoti kwa mkono wa kulia, mkono ukavutwa nyuma juu ya kichwa. Bega halikutoka. Liliniuma siku kadhaa, likaacha. Tangu hapo kila nikivuta kamba ya kuwashia injini, au nikirusha nanga, linanichoma ndani kwa mbele, halafu mkono mzima unakufa kama dakika moja hivi, unarudi. Eksirei nimepiga mara mbili, naambiwa iko safi. Nimechomwa sindano mbili hapohapo begani. Mmoja ananiambia ni mshipa, mwingine anasema niende Dar nikapasuliwe. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umeeleza vizuri kuliko wengi wanaokuja kliniki na bahasha ya vipimo kwapani, na katika maelezo yako kuna mambo matatu ambayo daktari wa mifupa akiyasikia kwa pamoja anapaswa kuweka kalamu chini akusikilize upya: mkono ulivutwa nyuma ukiwa juu, maumivu yako ndani kwa mbele, na mkono unakufa kisha unarudi. Kwa umri wako, hayo yananifanya nifikirie bega linaloyumba bila kutoka. Sijakushika, kwa hiyo sikuandikii hukumu. Lakini nataka uelewe kinachoweza kuwa kinatokea humo ndani, maana ukikielewa hutapelekwapelekwa.

Chukua chungwa uliweke juu ya kisosi cha kikombe cha kahawa. Ndivyo bega lilivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, kikombe kinachokipokea ni kidogo na hakina kina, na wakati wowote ni kama robo tu ya kichwa hicho inayogusa kikombe. Ndiyo maana mkono unazunguka kila upande, kuliko kiungo kingine chochote mwilini. Kinachozuia chungwa lisidondoke ni vitu vitatu. Kwanza, kuzunguka kikombe kuna ukingo wa gegedu laini, tunauita labramu, unaoongeza kina chake. Pili, kuna mfuko wa kiungo wenye kano zake, na kano iliyo chini kwa mbele ndiyo inayokaza mkono ukiwa juu na umegeukia nje. Tatu, misuli minne midogo inayotoka kwenye bapa la bega inakumbatia kichwa na kukivuta kikae katikati ya kikombe muda wote, hata unapokunywa chai.

Sasa rudi kwenye lile wimbi. Mkono juu, umegeuka nje, mwili mzima unakwenda mbele na mlingoti umebaki. Kichwa cha mfupa kinasukumwa mbele na chini, mahali hasa ambapo labramu na ile kano vimeshikana na mfupa. Kinaweza kutoka kabisa kikalala nje. Hapo kila mtu mwaloni ataona, na utabebwa. Au kinaweza kuchungulia nje milimita chache na kurudi kabla hujapiga kelele. Cha pili hicho hakiachi umbo baya wala uvimbe mkubwa, lakini kinaweza kubandua labramu kutoka kwenye mfupa au kuunyoosha mfuko ukabaki na nafasi. Kuanzia siku hiyo, kila ukifika mkao uleule, kichwa kinachungulia tena. Wewe husikii kikitoka. Unasikia mchomo, na mishipa ya fahamu iliyo kwapani inaguswa, mkono unakufa.

Si jambo jipya. Mwaka 1981 Rowe na Zarins, madaktari wa Boston nchini Marekani, waliandika juu ya wagonjwa wa namna hii hasa, wenye mkono unaokufa ghafla wakirusha kitu, na sehemu kubwa yao hawakuwa na habari kwamba bega lao linachomoka na kurudi. Mwaka 2011 Boileau na wenzake wa Nice, Ufaransa, wakaeleza kundi la vijana wasiolalamika bega kutoka hata kidogo. Walilalamika maumivu tu. Walipoingiziwa kamera, alama za bega lililochungulia zikaonekana zimekaa pale. Miaka 30 kati ya maandiko hayo mawili, na bado mpaka leo kijana mwenye maumivu ya bega anaambiwa ni mshipa.

Nami nilifanya kosa hilo. Miaka ya mwanzo nilimtibu binti aliyecheza mpira wa pete, miaka 19, kwa dawa za maumivu na sindano kwa muda wa miezi saba, kwa sababu eksirei yake ilikuwa safi na mkono wake ulinyanyuka mpaka juu bila shida. Sikuwahi kumlaza nikaupeleka mkono kwenye mkao wa kurusha mpira. Siku mwenzangu alipofanya hivyo mbele yangu, ilichukua nusu dakika kujua. Tangu hapo siamini karatasi kabla ya mikono yangu.

Kwa hiyo nikueleze mikono hiyo inafanya nini, ili ukienda ujue kama umepimwa au umeandikiwa tu. Utavua shati. Daktari atasimama nyuma yako akutazame unapoinua mikono yote miwili na kuishusha taratibu, maana bapa la bega linalokaa vibaya au linaloruka wakati wa kushuka linasema mengi. Atavuta mkono wako chini ukiwa umeulegeza aone kama kishimo kinatokea chini ya ncha ya bega. Atazuia bapa lisipande kisha atainua mkono wako kwa pembeni; ukipita nyuzi 105 hivi kabla ya bapa kusogea, mfuko wa chini una nafasi kuliko kawaida. Kila kitu atakifanya kwa bega zima kwanza, halafu bovu. Asipogusa bega zima, amepima nusu.

Kisha utalala chali. Mkono unatolewa pembeni usawa wa bega, kiwiko kimekunjwa, na kiganja kinageuzwa taratibu kuelekea nyuma, kama mtu anayetaka kurusha jiwe ziwani. Hapa macho yangu hayako begani. Yako usoni kwa mgonjwa. Nyusi zinakaza, pumzi inakatika, mkono wa pili unashika ukingo wa kitanda. Wengine wananiambia "daktari, hapo basi" kabla ya maumivu kufika, kwa sababu mwili unaogopa mahali ambapo uliumizwa. Hofu hiyo ina uzito mkubwa kuliko maumivu peke yake, maana mkao ule unaweza kuuma kwa sababu nyingine. Halafu naweka kiganja changu mbele ya bega, juu kabisa ya mkono, nakandamiza kwa upole kuelekea kitandani. Mwenye bega linaloyumba uso wake unafunguka saa hiyohiyo, na mkono unaendelea kugeuka bila taabu. Kwa vijana ambao dalili yao ni maumivu na si hofu, kama wewe, kile kitulizo cha kiganja ndicho ninachokitafuta zaidi.

Kuna neno lazima ulitenganishe na ugonjwa: ulegevu. Wapo watu wanaozaliwa na viungo vinavyonyumbuka. Kidole gumba kinapinda mpaka kinagusa kigasha, viwiko na magoti vinapinda kupita kiasi, na mabega yote mawili yanacheza. Huo ni mwili wao, hauumwi, na hauhitaji kisu. Ugonjwa ni pale ambapo kucheza huko kunaleta maumivu au hofu. Nimeona watu wakipangiwa upasuaji wa bega legevu lisilowasumbua lolote, na hilo linanisikitisha sawasawa na binti yule niliyemchelewesha mimi.

Na kabla hatujakubaliana kwamba ni kuyumba, lazima magonjwa mengine yaondolewe kwenye orodha. Shingo inaweza kupeleka maumivu na ganzi mkononi. Kwako ganzi inakuja na mkao wa bega na kuondoka, jambo linalopunguza shaka, lakini shingo ipimwe. Kifua kikuu cha mifupa kinaweza kukaa begani kimya kimya, bega linakauka na misuli inasinyaa. Ukiwa na homa za jioni au umekonda, sema. Na kwetu Kanda ya Ziwa, ambako selimundu (siko seli) ni nyingi, sipendi kufunga faili la kijana mwenye maumivu ya ndani ya bega bila kuuliza hali yake. Selimundu inaweza kukata damu kwenye kichwa cha mfupa kikafa polepole, na eksirei ya mwanzo ikaonekana safi kabisa. Kama hujui hali yako, pima. Ni kipimo cha damu tu, na daktari wa usingizi pia atakihitaji kama tutafika huko.

Tuje kwenye picha. Eksirei yako iko safi kwa sababu eksirei huona mfupa, na mfupa ukiwa umetulia. Labramu haionekani humo. Hata hivyo usiitupe. Uliza kama ulipigwa picha ya mbele tu, au na ile ya kupitia kwapani. Picha ya kwapa, pamoja na ya mbele mkono ukiwa umegeuzwa, zinaweza kuonyesha ukingo wa kikombe uliomeguka, au kibonyeo nyuma ya kichwa cha mfupa, mahali kilipogonga ukingo wakati kinachungulia. Kibonyeo hicho kinaitwa kwa majina ya Hill na Sachs walioandika habari zake mwaka 1940. Kikionekana hata kidogo, mjadala wa "ni mshipa" umekwisha.

MRI, picha ya sumaku, ndiyo inayoonyesha labramu na mfuko, na kwa kuyumba kudogo huwa bora zaidi ikitanguliwa na dawa maalumu ya kuonyesha inayochomwa ndani ya kiungo ili kijae na nyufa zionekane. Wakati mwingine mgonjwa hupigwa picha kiganja kikiwa nyuma ya kichwa, ili ile kano ikaze na kinachobanduka kibanduke. CT, eksirei ya vipande vipande, tunaiomba tukishuku mfupa umemeguka, kwa sababu hesabu ya mfupa ndiyo inayoamua aina ya upasuaji. Lakini MRI inaweza kusema "kawaida" na bega likawa linayumba. Inaweza pia kuonyesha mchubuko wa labramu kwa mtu asiyeumwa. Ndiyo maana usiuze injini yako kulipia MRI kabla ya mtu kukulaza na kuupeleka mkono kwenye ule mkao. Picha inajibu swali. Mikono ndiyo inayouliza.

Kuhusu sindano, nitasema wazi: usichome ya tatu. Huenda zilikuwa steroidi, na kazi yake ni kutuliza uvimbe. Labramu iliyobanduka haishikani tena kwa sababu ya sindano. Zinakupa wiki chache za nafuu, unarudi kuvuta kwa nguvu, kichwa kinaendelea kuchungulia, na zikirudiwarudiwa zinadhoofisha kano. Na mtu wa kunyoosha viungo asikuvute mkono huo kabisa, hata akiwa ndugu yako.

Mazoezi, sasa. Najua kijana akiambiwa mazoezi anaona amefukuzwa. Sikiliza. Ile misuli minne haiwezi kushona labramu, lakini inaweza kukishika kichwa katikati ya kikombe vizuri kiasi kwamba hakipati nafasi ya kuchungulia. Tafuta mtaalamu wa fiziotherapia hospitali yoyote ya rufaa, akufundishe mara chache, mengine utafanya nyumbani. Kata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, ufunge kwenye nguzo usawa wa kiwiko. Kiwiko kibane ubavuni na kitambaa kilichokunjwa katikati, kisha vuta mpira ukigeuza kiganja nje, rudi taratibu. Halafu geuka uvute ukielekea tumboni. Kurudi taratibu ndiko kunakojenga. Ongeza kuvuta mabapa ya mabega nyuma na chini, na kusukuma ukuta. Baadaye, maumivu yakipungua, ndipo unapanda usawa wa bega. Miezi mitatu kamili, siku nyingi za wiki, bila kuruka. Ukifanya wiki mbili ukaacha, hujajaribu.

Je, yatatosha? Mwaka 1992 Burkhead na Rockwood, huko Texas, walitoa hesabu ninayoirudia kwa wagonjwa wangu mpaka leo. Kati ya mabega yaliyoyumba bila ajali, asilimia 80 yalipata matokeo mazuri kwa mazoezi peke yake. Yaliyoyumba baada ya ajali, asilimia 16 tu. Wewe una ajali. Kwa hiyo nakwambia mapema: inawezekana mazoezi yakakupunguzia maumivu lakini kamba ya injini ikakushinda bado. Hata hivyo yafanye. Asilimia 16 si sifuri, ajali yako haikulitoa bega likalala nje, na hata ukiishia mezani, bega lenye misuli hupona upasuaji vizuri kuliko bega lililolala.

Ukimaliza miezi hiyo na bado mkono unakufa, na vipimo vya mikono na picha vinasema jambo moja, hapo nitakuunga mkono upasuliwe, tena bila kusubiri miaka. Kila kuchungulia kunasaga gegedu na kula ukingo wa kikombe. Upasuaji ambao ungekuwa mdogo ukiwa na miaka 24 unaweza kuwa mkubwa ukifika 30.

Siku ya upasuaji, ukishalala kwa nusu kaputi, kazi ya kwanza si kukata. Misuli ikiwa imelegea na hofu haipo, daktari anapima tena mabega yote mawili, na mara nyingi hapo ndipo tunaona kichwa kinakwenda mbele kiasi gani. Kisha kupitia matundu madogo yenye upana wa kama sentimita moja tunaingiza kamera, tunaita atroskopi. Nakumbuka kijana mmoja, mvuvi kama wewe: kwenye skrini ukingo ulionekana umekaa vizuri tu, mweupe, hauna jeraha. Nilipougusa kwa ncha ya chuma ukanyanyuka wote mbele, kama mdomo wa wavu uliochomoka kwenye kamba yake lakini bado umelala juu yake. Ulijibandika kwa ngozi nyembamba pasipo nguvu. MRI haikuwa imeuona.

Kinachofanyika ni kuurudisha. Tunasafisha ukingo wa mfupa mpaka uvuje damu kidogo, kwa sababu pasipo damu hapaponi, tunauvuta labramu pamoja na mfuko uliolegea kwenda juu, na kuushona kwenye mfupa kwa nanga. Ndiyo, nanga, nasi tunaziita hivyohivyo. Ni vijiti vidogo vya milimita 3 hivi vinavyozama kwenye mfupa vikiwa na nyuzi, na kwa kawaida tunaweka tatu au zaidi. Wazo hilo ni la Bankart, daktari wa Uingereza aliyeonyesha mwaka 1923 kwamba ubovu uko pale mbele ukingo ulipobanduka. Upasuaji huo unabeba jina lake, hata ukifanywa kwa kamera.

Si kila bega linafaa kwa njia hiyo. Mfupa wa kikombe ukiwa umeliwa asilimia 20 au 25, nyuzi hazitashika. Siku hizi hata karibu na asilimia 13 na nusu tunaanza kuangalia mara mbili, hasa kwa anayetumia nguvu. Hapo kuna upasuaji wa Latarjet, Mfaransa aliyeueleza mwaka 1954: kipande cha mfupa kilicho mbele ya bega kinakatwa pamoja na misuli yake na kufungwa kwa skrubu mbele ya kikombe. Ni imara sana, lakini ni kazi kubwa karibu na mishipa mikubwa ya fahamu, na kwa bega lako ambalo halijawahi kutoka sitarajii uuhitaji. Akikutajia moja kwa moja, muulize amepima mfupa kwa picha gani. Na mtu akisema ataubana mfuko kwa kuuchoma joto, kataa. Njia hiyo ilipendwa miaka ya tisini, ikaachwa kwa sababu mabega yalilegea tena, na mengine gegedu lake likafa.

Hatari zipo na usifichwe. Bega linaweza kuwa gumu, hasa kugeuka nje. Vijidudu vinaweza kuingia. Mshipa wa fahamu unaozunguka chini ya mfuko uko milimita chache kutoka tunaposhona. Ukiguswa, ngozi ya nje ya bega inakufa ganzi na mkono unakataa kunyanyuka. Na kuyumba kunaweza kurudi, zaidi kwa vijana.

Baada ya hapo, wiki nne hadi sita mkono unaning'inia shingoni, vidole na kiwiko vikichezeshwa kila siku. Kisha unanyoosha, taratibu, bila kuulazimisha kwenye mkao wa kurusha. Nguvu zinaanza karibu na mwezi wa tatu. Kuvuta nyavu na injini, usifikirie kabla ya miezi sita. Panga hilo na familia na mwenye mtumbwi kabla ya kukubali tarehe, kwa sababu nimeona kazi nzuri ikichanika wiki ya tisa, mwezi ulipoingia giza na kila mtu akaenda ziwani.

Kwa hiyo usipande basi la Dar kesho. Anza kliniki ya mifupa ya hospitali ya Bugando, hapo Mwanza, upimwe kwa mikono. Wakiona unahitaji kamera watakuambia pa kufanyia, na ikilazimu utapewa rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili ukiwa na barua na picha sahihi, badala ya kwenda kuanza upya. Kwa sasa injini iwashwe na mwenzako. Ukilazimika, simama karibu nayo, kiwiko kibane ubavuni, uvute kwa kiuno na miguu. Usilale mkono ukiwa juu ya kichwa.

Ukienda, beba eksirei zote mbili, hata hizo zilizoandikwa safi, na karatasi ya sindano kama unayo, maana daktari atataka kujua ulichomwa nini na lini. Na akikuuliza "bega linatoka?", usijibu hapana tu ukanyamaza. Mwambie habari ya wimbi na mlingoti kama ulivyonieleza mimi.